Kapoti: Koti refu la sufu la wawindaji wa Kanada, na jinsi ya kulipata au kulishona

KATIKA misitu ya Kanada, majira ya baridi humletea mwindaji maadui wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni baridi yenyewe. Wa pili ni unyevu, ambao huja taratibu kupitia jasho la kutembea na theluji inayoyeyuka mabegani, hata baridi ile ikapenya hadi mifupani.

Kwa zaidi ya miaka 200, wakazi wa misitu hiyo walijikinga kwa vazi moja: koti refu la sufu lenye kofia, lililokatwa kutoka blanketi moja zima na kufungwa kiunoni kwa mshipi mpana. Vazi hilo huitwa kapoti.

Siku hizi kapoti si vazi la kuokotwa katika kila duka. Aidha, kufikia Juni 2025 kampuni ya Hudson's Bay, chimbuko mashuhuri la mablanketi yaliyolitengeneza, ilikuwa imefunga maduka yake yote. Anayelitaka kwa ajili ya uwindaji amebaki na njia tatu: kununua lililoshonwa na fundi, kutafuta kuukuu lililotunzwa vyema, au kulishona mwenyewe.

Makala haya yanaeleza asili ya vazi hili, sababu za sufu kulifaa, namna ya kulitambua blanketi halisi, na hatua za kulikata na kulishona.

Asili ya vazi

Neno kapoti limetokana na Kifaransa, na maana yake ni joho au koti lenye kofia. Wafaransa walioweka makao kandokando ya mto St. Lawrence katika karne ya 17 walikuja na koti la aina hiyo, lililokuwa likivaliwa na mabaharia na wanajeshi wa kwao.

Kabla ya karne ya 18 kumalizika, kapoti lilikuwa limekwisha kuwa vazi la wengi. Lilivaliwa na wakulima, na wapiga makasia waliosafirisha ngozi za manyoya kwa mitumbwi, na vilevile na wenyeji asilia waliobadilishana ngozi hizo kwa nguo, vyungu na visu.

Upande wa kaskazini, biashara hiyo ilitawaliwa na kampuni ya Hudson's Bay. Mnamo Mei 2, 1670, Mfalme Charles II wa Uingereza aliipa kampuni hiyo hati ya kufanya biashara katika nchi yote ambayo mito yake humwagika katika ghuba ya Hudson. Ilikuwa kampuni ya aina ile ile iliyokuja kupewa hati ya kifalme Afrika Mashariki mwaka wa 1888, yaani Imperial British East Africa Company, ingawa ile ya Kanada iliishi kwa muda mrefu zaidi.

Jamii iliyolifanya kapoti kuwa alama yake ni Métis. Hao ni watu waliotokana na ndoa za wafanyabiashara wa Kizungu na wanawake wenyeji, wakawa taifa lenye lugha, nyimbo na mavazi yao. Katika bonde la mto Red River, eneo ambalo leo ndiko liliko jiji la Winnipeg, Métis walisafiri kwa makundi makubwa kwenda kuwinda nyati wa nyika za kaskazini. Usiku wa Januari katika eneo hilo, kipimajoto hushuka mara kwa mara hadi nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi.

Métis hawakulifunga kapoti lao kwa vifungo bali kwa mshipi wa sufu uliosukwa kwa vidole, wenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Mshipi huo ulizungushwa kiunoni mara kadhaa ili kuzuia upepo, na pia ulitumika kama kamba ya kubebea mizigo. Hadi leo ndiyo nembo inayotambulisha Métis popote walipo.

Wanawake wa kisiwa cha St. Joseph

Tukio moja laonyesha jinsi koti la blanketi lilivyoweza kuokoa watu pale ambapo mavazi rasmi yalikosekana.

Mwaka wa 1811, Kapteni Charles Roberts aliongoza kikosi kidogo cha Waingereza katika ngome ya kisiwa cha St. Joseph, ndani ya ziwa Huron. Majira ya baridi yalikuwa yamebisha hodi ilhali makoti mazito ya askari wake yalikuwa yamechakaa, na mengine hayakuwa yamefika. Roberts aliagiza mablanketi yatolewe katika ghala la serikali, ambako yalikuwa yamehifadhiwa kwa ajili ya wenyeji asilia.

Msimamizi wa ghala hilo, John Askin mdogo, aliwakusanya wanawake wa eneo hilo na kuwapa kazi ya kuyakata na kuyashona. Walitengeneza makoti yapatayo 40, na askari wakauvuka msimu huo wa baridi. Mnamo Julai 17, 1812, kikosi hicho hicho kiliiteka ngome ya Wamarekani ya Mackinac bila kumwaga damu.

Kutokana na jina hilo, koti la blanketi liliitwa pia Mackinaw. Baadaye wakataji miti walilifupisha ili pindo lisiburute kwenye theluji nene, nalo likawa koti fupi la mistari linalojulikana hadi leo. Kapoti refu liliendelea kuwa vazi la mwindaji na msafiri.

Majina ya wanawake walioshona makoti hayo hayatajwi mara nyingi kama yanavyotajwa ya Roberts na Askin. Hata hivyo, ufundi ni wao, na ndio unaofuatwa na kila anayelishona kapoti leo.

Blanketi la pointi

Ili kulipata kapoti, sharti kwanza lipatikane blanketi. Lile lililosifika zaidi huitwa blanketi la pointi.

Pointi ni mistari mifupi iliyofumwa katika ukingo wa blanketi. Kazi yake ilikuwa kuonyesha ukubwa wa blanketi hata likiwa limekunjwa, ili mfanyabiashara asilazimike kulikunjua. Watu wengi hudhani kwamba mistari hiyo ilionyesha idadi ya ngozi ambazo mwindaji alitakiwa kulipa. Dhana hiyo si sahihi. Bei ilibadilika lakini pointi zilibaki kuwa kipimo cha ukubwa tu.

Utaratibu huu ulibuniwa na wafumaji wa Ufaransa katika karne ya 18. Kampuni ya Hudson's Bay iliukubali baada ya kushauriwa na mfanyabiashara aliyeitwa Germain Maugenest, na Januari 1780 iliagiza jozi 500 kutoka kwa Thomas Empson wa Witney, mji wa Uingereza uliosifika kwa mablanketi. Ziliagizwa jozi 100 za kila ukubwa, kuanzia pointi moja hadi pointi tatu.

Mablanketi yalikuwa ya rangi tofauti: meupe, mekundu, ya buluu na ya kijani. Lile linalojulikana zaidi ni jeupe lenye milia minne ya kijani, nyekundu, manjano na nili, ambalo lilianza kuagizwa karibu na mwisho wa karne ya 18. Wawindaji wa majira ya theluji walilipenda jeupe kwa kuwa lilimficha mvaaji machoni pa mnyama.

Kiwanda cha familia ya Early mjini Witney, kilichofuma mablanketi tangu karne ya 17, kilifungwa mwaka wa 2002. Baada ya hapo mablanketi ya Hudson's Bay yalifumwa katika jimbo la Yorkshire, huko huko Uingereza.

Pigo la mwisho lilikuja mwaka wa 2025. Mnamo Machi, kampuni ya Hudson's Bay iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na kufikia Juni 1 maduka yake yote yalikuwa yamefungwa. Jina lake pamoja na alama zake, ikiwemo ile milia ya rangi nne, vilinunuliwa na kampuni ya Canadian Tire kwa dola milioni 30 za Kanada.

Habari za kufungwa zilipoenea, wateja walimiminika madukani kuyasaka mablanketi yaliyosalia. Kwa anayetaka kushona kapoti, hali hiyo ina maana kwamba blanketi kuukuu limekuwa kitu cha kutafutwa kwa makini na kulipiwa kwa tahadhari.

Kumbukumbu chungu

Blanketi hili halikumbukwi kwa uzuri na kila mtu. Kwa wenyeji asilia wengi, ni alama ya biashara iliyowategemeza kwa wageni na hatimaye kufuatiwa na kupokonywa ardhi.

Pia kuna kumbukumbu ya ndui. Mwaka wa 1763, katika ngome ya Pitt ambayo sasa iko Marekani, maafisa wa Waingereza waliwapa wajumbe wa kabila la Delaware mablanketi mawili na leso kutoka hospitali ya wagonjwa wa ndui, kwa nia ya kuwaambukiza. Kampuni ya Hudson's Bay haikuhusika katika tendo hilo. Hata hivyo, tangu wakati huo blanketi la biashara na maradhi hayo huenda pamoja katika fikra za wengi.

Mwaka wa 2022, kampuni hiyo ilianzisha hazina maalumu ili faida itokanayo na mauzo ya mablanketi yake ielekezwe kwa miradi ya wenyeji asilia.

Kwa upande wa Métis, vazi hili halitenganishwi na haki ya kuwinda. Mwaka wa 1993, Steve Powley na mwanawe Roddy walimuua kulungu mkubwa wa kaskazini mwenye pembe pana karibu na mji wa Sault Ste. Marie, si mbali na kisiwa kile cha St. Joseph. Walishtakiwa kwa kuwinda bila leseni. Walijitetea kwamba wao ni Métis na kwamba walikuwa wakitafuta nyama ya majira ya baridi kama walivyofanya mababu zao.

Kesi hiyo ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mnamo Septemba 19, 2003, iliamua kwamba Métis wa eneo hilo wana haki ya kuwinda kwa ajili ya chakula, haki inayolindwa na katiba ya mwaka wa 1982. Kwa hivyo Métis anapovaa kapoti kwenda msituni, havai vazi la maonyesho. Huvaa ushahidi kwamba jamii yake ilikuwepo, iliwinda na ingali inawinda.

Nchini Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, jambo hili laweza kuonekana geni. Nchini Kanada uwindaji unaruhusiwa kwa leseni na kwa misimu maalumu, na kwa jamii nyingi za kaskazini ndiyo njia ya kujaza ghala la nyama.

Kwa nini sufu?

Nguo za kisasa za nailoni ni nyepesi na hukauka upesi. Licha ya hayo, sufu ina sifa nne ambazo mwindaji hazipati kwingine kwa pamoja.

Kwanza, unyuzi wa sufu una mawimbi madogo madogo ambayo hunasa hewa. Hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayouzuia mwili usipoteze joto.

Pili, sufu hufyonza mvuke wa maji hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla ya mvaaji kuhisi kwamba imelowa. Inapofyonza hutoa joto kidogo. Pamba haifanyi hivyo: ikilowa jasho hulala ngozini na kuupoza mwili, na hiyo ndiyo sababu wawindaji wa nchi za baridi huonywa wasivae pamba ndani ya koti.

Tatu, sufu haina kelele. Nailoni hutoa mchakato kila tawi linapoigusa, na sauti hiyo yatosha kumshtua kulungu kabla mwindaji hajamwona. Sufu nene hupita kati ya vichaka kimya kimya.

Nne, sufu haishiki moto kwa urahisi. Cheche ya moto wa kambini hutoboa na kuyeyusha nailoni, lakini kwenye sufu huunguza kidogo na kuzimika.

Kasoro zake nazo zifahamike. Koti la sufu ni zito, na likilowa maji mengi huwa zito zaidi na huchelewa kukauka. Ni vazi la baridi kavu na theluji, si la mvua ya siku nzima.

Namna ya kulitambua blanketi linalofaa

Si kila blanketi la sufu hufaa kukatwa koti. Linalohitajika ni lile lililokandwa baada ya kufumwa. Huko Witney, kitambaa kilichotoka kwenye mtambo wa kufumia kililoweshwa na kupondwapondwa katika vinu vilivyoendeshwa na maji ya mto Windrush, hadi nyuzi zikashikana na kitambaa kikasinyaa na kuwa kinene. Kisha kilitandazwa kwenye fremu kikauke, na uso wake ukachanuliwa ili manyoya yainuke.

Ukandaji huo ndio siri ya kapoti. Kitambaa kilichokandwa vyema huzuia upepo, na kikikatwa kwa mkasi hakifumuki. Kwa sababu hiyo, koti laweza kushonwa bila kukunja pindo.

Anayenunua blanketi kuukuu na afanye majaribio haya:

- Alinyanyue dhidi ya mwanga wa dirisha. Mashimo ya nondo na sehemu zilizochakaa zitaonekana mara moja.

- Avute ukingo kwa mikono miwili. Likinyooka na kurudi, lingali na uhai. Likitoa sauti ya kupasuka, nyuzi zimeoza.

- Achomoe uzi mmoja na kuuchoma. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika. Nyuzi za kutengenezwa viwandani huyeyuka na kuwa shanga ngumu.

- Apime ukubwa. Blanketi la pointi tatu na nusu la miaka ya karibuni lina sentimita 160 kwa 206, na la pointi nne lina sentimita 183 kwa 229. La pointi nne humtosha mtu mzima wa kimo cha wastani na kubakiza kitambaa.

- Aangalie lebo, ila asiitegemee peke yake. Lebo inaweza kushonewa kwenye blanketi lolote.

Asiyepata la Hudson's Bay asikate tamaa. Viwanda vingine bado hufuma mablanketi mazito ya sufu, kikiwemo Pendleton cha Oregon, Marekani. Hata blanketi la kijeshi lisilo na milia hufaa, maadamu ni sufu tupu na limekandwa.

Iwapo blanketi ni la zamani sana au lina historia ya ukoo, ni busara kulihifadhi badala ya kulikata. Mkasi ukishapita, halirudi.

Kukata

Vipimo vifuatavyo ni vya blanketi la pointi nne na mvaaji wa kimo cha wastani. Kabla ya kugusa blanketi, fundi mwangalifu hukata shuka kuukuu kwa vipimo hivyo, akaliunga kwa pini na kulijaribu juu ya mavazi yote yatakayovaliwa ndani.

Blanketi hutandazwa sakafuni, upande mrefu ukitoka kichwani kwenda miguuni. Milia iko katika ncha zote mbili.

Kiwiliwili. Kutoka ncha moja, hupimwa sentimita 105 na kukatwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kipande hicho chenye upana wa sentimita 183 ndicho kitakachomzunguka mvaaji, milia ikiwa chini. Pindo litafika chini kidogo ya magoti. Koti refu kuliko hapo humzuia mwindaji kuruka magogo na kupiga goti.

Mipasuo ya mikono. Kwenye ukingo wa juu wa kipande hicho huwekwa alama mbili kwa chaki, kila moja sentimita 54 kutoka pembeni. Katika kila alama hukatwa mpasuo wa kwenda chini wenye urefu wa sentimita 28. Kati ya mipasuo hiyo hubaki sentimita 75, nayo ndiyo mgongo. Pande mbili za mbele, kwa kuwa ni pana, zitapishana kifuani kwa sentimita zipatazo 33, na hivyo kifua kitapata tabaka mbili za sufu.

Mikono. Katika kipande kilichobaki, chenye urefu wa sentimita 124, hukatwa mikono miwili kutoka ncha yenye milia. Kila mmoja una upana wa sentimita 56 upande wa bega, ukipungua hadi 36 upande wa kiganja, na urefu wa sentimita 55. Urefu huo hutosha kwa sababu mshono wa bega huangukia chini kidogo ya bega lenyewe, na huacha nafasi ya kukunja mwisho wa mkono.

Kofia. Kando ya mikono, kwenye ncha hiyo hiyo, hubaki sentimita 71. Hapo hukatwa kipande cha sentimita 71 kwa 30. Kikikunjwa katikati, ukingo wenye milia huuzunguka uso na ukingo wa nyuma hushonwa.

Masalio. Kipande kinachobaki hutosha mifuko, glavu, matamvua ya mabegani na tabaka la pili la kukinga mabega dhidi ya theluji. Mafundi wa zamani hawakutupa kitu. Blanketi lilikuwa ghali mno kwa mwindaji.

Kushona

Uzi unaofaa ni wa kitani, uliopakwa nta ya nyuki ili usiteleze wala kuoza. Sindano iwe nene yenye tundu kubwa. Cherehani ya nyumbani aghalabu hushindwa na tabaka mbili za kitambaa hiki, hivyo mkono ndio chombo cha kuaminika.

Kwa kuwa kitambaa hakifumuki, kingo mbili hulazwa moja juu ya nyingine kwa sentimita moja na nusu na kushonwa kwa mistari miwili sambamba. Mshono wa namna hii haufanyi kigongo kitakachomkera mvaaji anapobeba mzigo au bunduki begani.

Mabega huungwa kwanza, kuanzia nje kuelekea shingoni, na kuachwa nafasi ya shingo ya sentimita 20 upande wa nyuma. Matamvua yakihitajika, hushonewa ndani ya mshono huu. Kisha kila mkono hushonwa kuwa mrija na kuunganishwa na mpasuo wake. Kona ya chini ya mpasuo ndiyo huvutwa zaidi, kwa hivyo huimarishwa kwa kiraka kidogo.

Kofia huja mwisho. Katikati yake hulinganishwa na katikati ya mgongo, ikashonwa kuzunguka shingo. Pembe za mbele za kiwiliwili zinazobaki hukunjwa nje kama kola.

Vifungo si lazima. Mshipi wa sufu hutosha, na una faida moja kubwa: mwindaji akipanda mlima na kupata joto, huulegeza mara moja na kuruhusu hewa kuingia kabla jasho halijamlowesha.

Usalama na utunzaji

Kapoti jeupe lina hatari yake wakati wa msimu wa bunduki. Kulungu wa kaskazini mwenye mkia mweupe huuinua mkia huo anapokimbia, na mwindaji mwingine anaweza kukosea na kulenga weupe wa koti.

Sheria za mikoa mingi ya Kanada zinawalazimu wawindaji kuvaa rangi ya chungwa inayong'aa. Mkoani Ontario, katika misimu ya bunduki iliyotajwa na sheria, mwindaji hutakiwa kuwa na eneo la rangi hiyo lisilopungua sentimita za mraba 2,580 juu ya kiuno, pamoja na kofia ya rangi hiyo. Mvaaji wa kapoti hulitimiza sharti hilo kwa kuvaa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya koti. Mila haiwi kinga dhidi ya risasi.

Baada ya safari, koti hukung'utwa theluji kabla ya kuingizwa kwenye joto, kisha huanikwa mbali na moto. Tope huachwa likauke na kupigwa brashi. Likilazimu kufuliwa, litumike maji baridi na sabuni isiyo kali, bila kusugua wala kukamua. Maji ya moto pamoja na msukosuko wa mashine yatalisinyaza hadi lisimwenee hata mtoto.

Msimu ukiisha, koti lihifadhiwe likiwa safi na kavu ndani ya mfuko uliofungwa vyema. Nondo hupendelea sufu yenye jasho na mafuta, na msimu mmoja wa uzembe watosha kuharibu vazi ambalo lingedumu miaka mingi.

Kinachobaki

Maduka yamefungwa na milia ya rangi nne imepata mmiliki mwingine. Hata hivyo, mkato wa kapoti haukuwa mali ya kampuni yoyote. Ulikuwa mikononi mwa wanawake waliokata mablanketi katika kisiwa cha St. Joseph, na katika nyumba za Métis kandokando ya Red River.

Hao hawakuwa na karakana wala vielelezo vya karatasi. Walikuwa na blanketi moja, mkasi, sindano, uzi wenye nta, na mtu aliyetakiwa kutoka nje asubuhi kwenye theluji na kurudi jioni akiwa hai. Vifaa hivyo vyote vingali vinapatikana.